Mwaka wa Sinema Bila Sauti

Mpaka leo sijui kama mwaka ule nilifundisha Kiingereza au nilifundisha kitu kingine ambacho hakimo kwenye silabasi. Nimekuwa mwalimu karibu miaka thelathini, nimesahihisha insha zisizo na idadi, na waalimu vijana wakinijia na maswali huwa nina jibu, hata kama ni la kubahatisha. Lakini mwaka wangu wa kwanza, nilipokuwa kijana wa miaka ishirini na mmoja bila cheti chochote cha ualimu, umenikalia kichwani ukiwa umevurugika vilevile. Nilidhani uzee ungeupanga. Mwezi uliopita wanafunzi wa darasa lile walinialika chakula cha mchana mjini Wote, nikaenda nikiwa na matumaini hayo, na nimerudi nyumbani Mbooni nikiwa nimechanganyikiwa zaidi.

Walikuwa watu kama ishirini, wamepanga viti vya plastiki nyuma ya hoteli, na mezani kulikuwa na mbuzi choma, ugali, kachumbari na sukumawiki iliyokatwa nyembamba. Wananiita Mwalimu na kunipisha njiani, ilhali baadhi yao wana mvi kunishinda. Kioko, ambaye siku hizi anauza vipuri vya pikipiki hapo hapo Wote, alinikalisha mbele na kunijazia sahani mpaka nikaona aibu. Mmoja wao alikuwa amekuja na mke wake kutoka Zambia, na yule mama akasimama kutushukuru kwa Kiingereza. Mara nikasikia nyuma yangu sauti ya chini ikimfuata kwa Kikamba, nusu sentensi nyuma yake, ikimtafsiria nyanya mmoja aliyekuwa ameletwa na mwanawe. Haikunibidi kugeuka. Ilikuwa sauti ya Ndunge, msichana wa darasa lile, na sikuwa nimeisikia tangu siku ya wazazi ya mwaka ule. Niliweka soda yangu chini nikaacha kumsikiliza mgeni, nikamsikiliza yeye.

Habari za ukoo wangu na jinsi nilivyofika Kathonzweni nitaziruka, hazina utamu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja nafasi ya chuo cha ualimu, na shule moja ya kutwa upande ule ikanichukua nifundishe Kiingereza kidato cha tatu kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine. Nilipewa chumba nyuma ya ofisi ya waalimu. Nilikigawana na magunia ya mahindi na ndengu ambazo wazazi walileta kwa chakula cha mchana cha wanafunzi, kwa hivyo nililala na kuamka nikiwa na vumbi la nafaka puani, na fukusi walitembea juu ya vitabu vyangu bila wasiwasi. Mchana nilikula muthokoi, yale mahindi yaliyotwangwa maganda yakatoka na kupikwa na maharagwe, na jioni nilikula muthokoi uliobaki. Kati ya chumba changu na ofisi ya hedimasta kulikuwa na ukuta wa plaiwudi tu. Nilisikia kila neno lililosemwa upande wa pili, na nilipokohoa, upande wa pili walinyamaza.

Darasa lenyewe lilikuwa kimya. Nikiuliza swali kwa Kiingereza, vichwa thelathini na sita vinaangalia madawati. Nilikuwa na redio ya kanda na kanda moja ya nyimbo za kizungu za wachunga ng'ombe, zile ambazo wazee wetu wanazipenda kuliko wazungu wenyewe, nikafikiri wataimba na maneno yataingia. Wakaimba, tena vizuri kupita kiasi. Wasichana wakajigawa sauti ya kwanza na ya pili, wavulana wakashika besi, na wimbo wa mwanamume aliyeachwa na mkewe stesheni ukageuka tenzi. Waliimba wakiwa wamefumba macho, na walipofika mwisho mtu akasema amina. Juma lililofuata waliuimba gwarideni badala ya wimbo wa maombi, na hedimasta, mtu mwema asiyesikiliza maneno ya nyimbo, akawapongeza kwa kumtukuza Mungu. Nilipowauliza wimbo unahusu nini, Kioko alisimama akasema, “Ni ya mtu ametoroka dhambi, Mwalimu.” Nilicheka, kisha nikarudi chumbani nikakaa juu ya gunia nikijiuliza kama nitaweza kazi hii.

Ndipo nikaenda kwa Pasta Mutiso kuomba jenereta. Pasta alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule, na kanisa lake lilikuwa na jenereta, televisheni na deki ya video ya kuonyeshea sinema za injili sokoni. Alinikubalia kila Ijumaa alasiri. Pasta huyo huyo ndiye angeniandikia barua ya kunipendekeza chuoni, na sikulisahau hilo hata siku moja. Kanda yenyewe niliitoa kwa binamu yangu Nairobi: sinema ya zamani, ya wakulima wa kizungu, na ndani yake msichana mwenye nguo ya manjano anayetaka kufuatana na kundi la waigizaji wanaopita wakisafiri na magari ya farasi. Baba yake anakataa. Sinema nzima ni huyo msichana akimsihi baba yake amwache aende zake, mpaka baba anachoka. Ijumaa ya kwanza hakuna aliyeelewa kitu. Ilipofika mahali kijana mmoja anambusu yule msichana, darasa zima liliinamisha vichwa kwa adabu, likasubiri sauti ya muziki ibadilike, kisha likainua vichwa.

Ijumaa ya pili Ndunge alisimama bila kuombwa. Lazima nieleze desturi moja kwa asiyeijua. Huku kwetu mhubiri akitoka mbali hahubiri peke yake. Kando yake anasimama mkalimani, naye si mtu wa kunong'ona. Mhubiri akipiga kelele anapiga kelele, akiruka anaruka, akilia mkalimani anatoa leso. Na watu wanasema mhubiri alisema hivi, mhubiri alituonya vile, hata kama mhubiri alisema maneno matano na mkalimani akasema hamsini. Hakuna anayesema mkalimani alisema. Akishuka jukwaani anakuwa tena mtu wa kawaida ambaye hajatamka lolote. Ndunge alikuwa na miaka kumi na saba na alikuwa mkalimani bora kuliko wanaume wote wa sehemu ile. Aliishi kwa mjomba wake, Mzee Muthoka, mzee wa kanisa, ambaye ndiye aliyemsimamisha jukwaani tangu akiwa darasa la saba. Basi akaja mbele, akasimama kando ya televisheni, mgongo wima, akaanza kumtafsiri yule msichana wa nguo ya manjano kwa Kikamba. Darasa lililipuka. Walicheka, wakasikitika, wakamzomea yule baba. Nilijiona mwalimu kwa mara ya kwanza maishani.

Furaha yangu ilidumu mpaka Jumatatu, hedimasta aliponiita. “Mwalimu, nimesikia watoto wanafurahia sana,” akasema. “Sasa niambie tu, hapo Kiingereza iko wapi? Si mlikuwa mnaongea Kikamba?” Nilitembea na swali hilo kichwani siku mbili, halafu nikafanya kitu ambacho sijui nilikitoa wapi: nilizima sauti ya sinema. Nilikaa na deki Jumamosi tatu nikirudisha kanda nyuma na kuisongesha mbele, nikanakili kila neno kwenye daftari kubwa, mpaka kanda ikachakaa pale msichana anapopiga magoti. Kisha nikawagawia wanafunzi maneno. Picha inakwenda kimya, na wao ndio wanaosema, kwa Kiingereza, midomo ya wale wazungu ikifunguka. Ndunge alikuwa msichana, Kioko alikuwa baba. Ndani ya mwezi mmoja watoto ambao hawakuweza kuomba ruhusa ya kwenda msalani kwa Kiingereza walikuwa wakigombana kwa Kiingereza njiani wakienda nyumbani. Hedimasta akasema tutawaonyesha wazazi.

Ilikuwa katikati ya mazoezi hayo, saa nne asubuhi, nikipiga chai chumbani, nilipomsikia Pasta Mutiso ng'ambo ya plaiwudi. Alisema kuna timu ya mkutano wa injili itakayozunguka Kitui yote, kutoka huko iendelee mpaka Mwingi na zaidi, na wanamtaka Ndunge awe mkalimani wao. Wataondoka shule zikifungwa.

“Watarudi lini?” hedimasta akauliza.

“Hiyo ni ya Mungu. Mwaka, miaka miwili.”

“Lakini Pasta, huyu msichana ako Form Three.”

“Shule iko tu, haiendi mahali. Muthoka ameshakubali. Ni heshima kwa familia.”

Hedimasta alikohoa, akasema sawa basi, na nikasikia kiti kikisukumwa. Nilikaa na kikombe mkononi mpaka chai ikaganda utando. Siku hiyo hiyo nilimwita Ndunge chini ya dirisha la maabara na kumwuliza kama anajua. Alijua. Alisema anachotaka yeye ni kumaliza kidato cha nne tu, hata wakimpeleka wapi baadaye.

“Umemwambia mjomba?”

“Mwalimu, mimi nitamwambia aje mzee kitu amekataa kusikia? Nikifungua mdomo ataniuliza ni nani amenifunza kujibu watu wakubwa.” Alikuwa akikwangua rangi ya ukuta kwa ukucha. “Wewe anakuheshimu. Akikusikia wewe atasikia.”

“Nitaongea na yeye siku ya wazazi,” nikamwambia. Nilikuwa na nia ya kweli. Hata leo nikijichunguza kwa ukali naona nilikuwa na nia ya kweli, na hilo ndilo linalonitatiza.

Siku ya wazazi walikuja watu wengi mno kwa ukumbi wetu, wengine wakasimama nyuma. Madirisha yalikuwa yamezibwa na magunia ili picha ionekane. Pasta na Mzee Muthoka walikaa mstari wa mbele, nami nikakaa kando ya Pasta, daftari langu magotini. Kwa kuwa wazazi wengi hawakujua Kiingereza, tulikuwa tumepanga jambo liende kama mkutano wa injili: Ndunge aseme maneno ya msichana na baba kwa Kiingereza, na Kioko, kando yake, atafsiri kwa Kikamba. Jenereta ikanguruma, picha ikaja. Mambo yalikwenda kama tulivyofanya mazoezi. Nilikuwa nafuata kwa kidole kwenye daftari, neno kwa neno, nikiwa na kiburi kisicho na mfano.

Msichana wa nguo ya manjano alipopiga magoti mbele ya baba yake, Ndunge aliacha maneno yangu. Kidole changu kilibaki pale pale. Daftari lilisema: niache niende nao, nitakufa nikibaki hapa. Ndunge alisema, kwa Kiingereza safi kuliko nilichowahi kumfundisha, kwamba yeye hataki kwenda na watu hawa. Alisema anataka kumaliza shule, mwaka mmoja na nusu tu umebaki. Alisema kila siku yeye husema maneno ya watu wengine, na hakuna aliyewahi kumwuliza ana neno gani la kwake. Alimwita yule baba wa kizungu “my uncle”. Kioko aligeuka akanitazama. Sikumpa ishara yoyote, kwa sababu sikujua ishara gani ya kutoa. Akameza mate, akatafsiri yote kwa Kikamba kwa sauti kubwa, hata lile la mjomba.

Akina mama wakaanza kupangusa macho. Na Mzee Muthoka, mtu mkali ambaye watoto walibadilisha njia wakimwona, alivua miwani yake na kuifuta kwa shati. Picha ilipoisha alisimama bila kuitwa. “Mimi nataka kuuliza,” akasema, “huyu mzungu ni mtu wa aina gani? Mtoto anakuomba kusoma! Si pombe anakuomba, si nguo. Anakuomba kusoma! Mwache asome!” Watu wakampigia makofi, na Pasta pia akapiga makofi. Ndunge alikuwa bado amesimama kando ya televisheni. Hakumtazama mjomba wake wala Pasta. Alinitazama mimi.

Nimeirudia dakika ile mara nyingi kuliko nilivyorudisha ile kanda. Nilichotakiwa kufanya ni kusimama na kusema sentensi moja: Mzee, hayo hayakuwa maneno ya sinema. Nilikuwa na daftari mkononi la kuthibitisha. Lakini kando yangu alikuwa Pasta mwenye barua yangu, na mbele yangu kulikuwa na ukumbi wenye furaha, na nikajiambia kwamba labda Mzee ameelewa tayari na anatafuta njia ya heshima ya kubadili uamuzi wake. Nikajiambia pia kwamba nikisema nitamwaibisha msichana mbele ya watu. Sijui ni ipi kati ya hizo ilikuwa sababu na ipi ilikuwa kisingizio. Nilisimama, ndiyo. Nikasema, “Asanteni sana wazazi. Chai iko tayari.” Ndunge akainama akachomoa waya wa televisheni.

Jumatatu dawati lake lilikuwa tupu. Shule zilikuwa zimebakisha juma moja zifungwe, lakini timu ilikuwa imeharakisha safari, na mjomba wake mwenyewe ndiye aliyembebea sanduku. Siku chache baadaye nilikutana na Mzee Muthoka sokoni Kathonzweni. Alinishika mkono kwa mikono yote miwili. “Mwalimu, ile sinema yako! Kila siku namfikiria yule mtoto,” akasema, na macho yake yalikuwa na huzuni ya kweli. Nilimchunguza uso nikitafuta alama yoyote ya mtu anayejifanya. Sikuona, lakini sikuamini kwamba sikuona. Mtu mzima, mwenye akili zake, alisikiaje maneno yale kutoka mdomo wa mpwa wake na asiyapeleke nyumbani? Kwa miaka yote hii nimesadiki kwamba alielewa na akatudanganya sote. Ilikuwa rahisi kwangu hivyo, kwa sababu kama alijua, kimya changu hakikumpunguzia Ndunge kitu. Barua niliipata, chuo nikaenda.

Sasa Ndunge alivuta kiti akaketi karibu nami, nyuma ya hoteli ile ya Wote, akiwa na sahani ya matikiti maji. Ni mama mnene, mwenye kicheko cha karibu, ana kitalu cha miche ya machungwa na maembe upande wa Kiboko. Aliniambia bila kuulizwa kwamba alizunguka na timu miaka mitatu, ikavunjika, akaolewa, na kidato cha nne alikifanya akiwa na watoto wawili, akisoma kwa taa huku ananyonyesha. Alipita. Aliniambia pia kwamba siku zile za safari aliona nchi, na kwamba hajutii kila kitu. Sikujua nifurahi au nilie. Nilimwambia lile nililokuwa nimebeba: kwamba nilijua siku ile, nilikuwa na daftari, na niliogopa.

“Najua ulijua,” akasema. “Kidole kilikuwa kimesimama kwa kitabu. Nilikuona.” Akatema mbegu kwenye kiganja. “Nilingoja jioni hiyo uje nyumbani. Nikangoja na Jumapili. Niliambia auntie nipike chapati, kuna mgeni.”

Nikakimbilia kumlaumu mjomba wake, kama nilivyozoea. “Lakini mzee pia alijua, Ndunge. Alielewa. Alituchezea tu.”

Alinitazama kwa mshangao, kisha akatikisa kichwa pole pole. “Hapana, Mwalimu. Mkalimani ni mkalimani. Hakujua. Alipokuwa mgonjwa, mwaka wake wa mwisho, mimi ndio nilikuwa namlisha uji. Siku moja akanishika mkono akaniuliza, ‘Ndunge, yule msichana wa ile sinema ya shule, walimwacha asome?’”

“Ukamwambia nini?”

“Nikamwambia walimwacha. Akasema asante Mungu, akalala.”

Kioko alikuwa akipita na sinia ya nyama, nikamkatalia kwa mkono. Nilihisi hasira, na ilikuwa hasira ya kijinga, ya mtu anayetafuta mwingine wa kugawana naye mzigo. Nikamwuliza mbona hata wakati ule, wakiwa wawili tu chumbani, hakumwambia kwamba msichana alikuwa yeye.

Ndunge aliifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kabla ya kunijibu.

“Yeye alikuwa mgonjwa, Mwalimu,” akasema. “Wewe ndio ulikuwa mzima.”